Peter Drucker: mwalimu wa gestion aliyeanza kama mwandishi wa habari

Mwanafunzi wa gestion, awe Goma, Bukavu, Butembo, Uvira ao Kindu, anakutana na jina hili mapema: Drucker. Mara nyingi linapita haraka ndani ya silabisi, mistari mbili tatu juu ya « direction par objectifs », kisha masomo inaendelea. Mwanafunzi anakariri kwa ajili ya mtihani, halafu anasahau.

Lakini wale wanaofanya kazi katika ONG, katika koperative ya kahawa ao katika hospitali, wanaishi na mawazo ya huyu mtu kila siku, hata kama hawajui jina lake. Kila mara chef anapouliza « objectif yetu ya mwaka huu ni gani? », kuko kidogo ya Drucker ndani yake. Ndiyo maana tumeona vizuri kueleza hapa alikuwa nani, alifundisha namna gani, na alipenda nini akiisha kutoka darasani. Maisha yake haikuwa ya mtu wa biro tu. Alipoteza kazi juu ya kuanguka kwa uchumi, alikimbia nchi juu ya siasa mbaya, vitabu vyake vilichomwa moto, na alianza upya katika nchi ya wengine.

Kwa ufupi

- Jina kamili: Peter Ferdinand Drucker
- Kuzaliwa: tarehe 19 mwezi wa 11, 1909, mjini Vienna, Austria
- Kufariki: tarehe 11 mwezi wa 11, 2005, mjini Claremont, jimbo la California, Marekani
- Kazi: mwandishi wa habari, mwandishi wa vitabu, mwalimu wa chuo kikuu, mshauri wa makampuni na mashirika
- Vitabu: 39
- Jamaa: bibi yake Doris na watoto 4

Mtoto wa Vienna

Drucker alizaliwa katika jamaa iliyosoma. Baba yake, Adolf, alikuwa mkubwa katika wizara iliyosimamia mambo ya uchumi. Mama yake, Caroline, alikuwa amesomea udaktari, jambo ambalo kwa wanawake wa wakati ule halikuwa la kawaida. Nyumbani kwao walipita watu wa siasa, waganga, wanamuziki na wataalamu wa uchumi. Mmoja wao alikuwa Joseph Schumpeter, ambaye jina lake pia wanafunzi wa uchumi wanalijua.

Alikuwa na miaka karibu 9 wakati vita kubwa ya kwanza ya dunia ilipomalizika na ufalme wa Austria na Hungaria ukavunjika. Vienna, mji uliokuwa kichwa cha ufalme mkubwa, ukabaki kichwa cha nchi ndogo yenye njaa. Mtoto anayekomaa katika hali kama ile anajifunza mapema kwamba vitu vikubwa vinaweza kuanguka.

Katika kitabu alichoandika juu ya maisha yake, *Adventures of a Bystander*, Drucker anawakumbuka sana walimu wawili wa shule ya msingi, dada wawili, Elsa na Sophy. Mwalimu Elsa alimpa kadaftari. Kila mwanzo wa mwezi mtoto anaandika yale anataka kufikia, na kisha anaandika yale aliyofikia kweli. Halafu analinganisha. Mwandiko wake ulikuwa mbaya sana, na mwalimu hakufaulu kuutengeneza mpaka mwisho. Lakini ile tabia ya kuandika lengo mbele na kupima kisha ilibaki naye miaka yote. Wenye kutafuta mzizi wa « direction par objectifs » wanaweza kuuanzia pale, katika kadaftari ka mtoto wa shule.

Kuko na hadithi nyingine anayoisimulia. Mwezi wa 11 mwaka 1923, akikaribia miaka 14, alipewa bendera nyekundu ya kubeba mbele ya maandamano ya vijana. Alifurahi sana. Lakini walipofika penye dimbwi la maji njiani, wale wa nyuma wakamsukuma, akalazimika kupita ndani ya maji. Akamupa mwenzake bendera, akatoka katika mstari, akarudi nyumbani. Anasema siku ile alijitambua kwamba yeye ni mtu wa kusimama pembeni na kuangalia. Ile ni tabia inayofaa kwa mwandishi wa habari, na baadaye ilimfaa katika ualimu.

Kijana wa kazi nyingi

Alipomaliza sekondari mwaka 1927, hakutaka kuendelea kukaa kwenye benchi la shule. Alikwenda Hamburg, Ujerumani, akaanza kazi ya kujifunza katika kampuni iliyokuwa inauza pamba inchi za nje. Kazi ilikuwa ya kuchosha. Kwa kumfurahisha baba yake, alijiandikisha katika chuo kikuu cha Hamburg kusoma sheria, lakini masomo yake ya kweli aliyapata mangaribi katika maktaba ya mji, akisoma vitabu vya kila aina.

Mara moja kwa juma alikwenda opera, juu wanafunzi waliweza kuingia bila kulipa kama kulibaki nafasi. Siku moja alisikia *Falstaff* ya Giuseppe Verdi, muziki wenye furaha na nguvu nyingi. Alipotafuta kujua zaidi, akagundua kwamba Verdi aliuandika akiwa muzee wa karibu miaka 80, na kwamba alikubali kazi ile ngumu sababu aliona bado hajafikia ukamilifu aliokuwa anautafuta. Kijana wa miaka 18 akaamua palepale: hata kama atazeeka, hataacha kazi. Tutaona kwamba neno lile alilitimiza.

Kisha akahamia Frankfurt na kufanya kazi katika benki. Yeye mwenyewe alisimulia kwa kujicheka kwamba katika mwaka 1929 aliandika andiko la kitaalamu lililoonyesha kwamba bei za hisa za New York zitaendelea kupanda. Baada ya majuma machache soko la New York likaanguka, na uchumi wa dunia ukaanguka pamoja nalo. Benki yake ikaanguka pia, akabaki bila kazi.

Gazeti moja la Frankfurt, *General-Anzeiger*, likamchukua kama mwandishi wa habari za uchumi na za inchi za nje. Alikuwa na miaka 20. Kazi ilianza saa kumi na mbili za asubui, na gazeti lilipaswa kuwa tayari mchana. Sehemu ya siku iliyobaki alisoma: sheria, historia, uchumi. Mwaka 1931 akapata doktora katika sheria ya kimataifa, chuo kikuu cha Frankfurt.

Mkubwa wa gazeti lile alikuwa na desturi ambayo Drucker aliiiba na kuichunga. Mara mbili kwa mwaka aliwakusanya vijana wake na kuwauliza: tumefanya nini vizuri? tulijaribu nini kwa nguvu? wapi hatukujikaza vya kutosha? wapi tuliharibu? Baadaye, Drucker alitenga majuma mawili kila wakati wa joto ili kujiuliza mwenyewe maswali yale.

Mkutano mmoja wa mwaka 1933

Mwezi wa kwanza 1933, Hitler akachukua utawala Ujerumani. Drucker alikuwa amekwisha kuandika kitabu kidogo juu ya Friedrich Julius Stahl, mwanafalsafa wa siasa mwenye asili ya Kiyahudi. Kilitoka mwaka uleule, na Wanazi wakakikataza na kukichoma. Andiko lake lingine juu ya hali ya Wayahudi Ujerumani, lililotoka 1936, lilipata malipo yaleyale. Jamaa ya Drucker yenyewe ilikuwa ya Kiprotestanti lakini yenye asili ya Kiyahudi.

Katika kitabu cha maisha yake anasimulia mkutano wa walimu wa chuo kikuu cha Frankfurt, wa kwanza chini ya kamishna wa Nazi. Kamishna akaingia na matusi. Akatangaza kwamba walimu Wayahudi hawana ruhusa ya kuingia tena chuoni na watafukuzwa bila mshahara. Kila mtu akamwangalia mwalimu mmoja mkubwa wa sayansi, mtu aliyejulikana kwa msimamo wake wa uhuru na haki. Walingoja aseme neno.

Yule mwalimu akasimama. Akasafisha koo. Akauliza kama kutakuwa feza zaidi kwa ajili ya utafiti wa fisiolojia. Kamishna akamuhakikishia kwamba feza zitakuwako. Mkutano ukaisha. Walimu wachache walitoka pamoja na wenzao Wayahudi, wengine wengi wakajitenga nao kwa hatua chache.

Drucker anasema alitoka pale na kichefuchefu, na alijua kwamba ataondoka Ujerumani mara moja. Akaenda London.

Tumeeleza hadithi hii kwa urefu kwa sababu inabeba kazi yake yote ya baadaye. Vitabu vyake vya gestion havianze na faida ya kampuni. Vinaanza na swali hili: kwa nini watu wenye elimu, wenye mishahara na vyeo, wanaacha jamii yao ianguke? Jibu lake lilikuwa kwamba mahali ambapo taasisi hazifanyi kazi, ambapo watu hawana kazi yenye maana wala nafasi ya heshima, wanakuwa tayari kumfuata yeyote anayewaahidi muujiza. Kwa hiyo kampuni, hospitali, shule na serkali zinazosimamiwa vizuri ni kizuizi mbele ya udikteta. Kwake gestion ilikuwa jambo la amani ya watu.

London, kisha Marekani

London alifanya kazi katika kampuni ya bima, halafu katika benki. Mwaka 1934 alikwenda Cambridge kumsikiliza John Maynard Keynes, mtaalamu mkubwa wa uchumi wa wakati ule. Pale akatambua tofauti: Keynes na wanafunzi wake walikuwa wanaangalia mwenendo wa bidhaa, lakini yeye alikuwa anaangalia mwenendo wa watu.

Ni London pia alimkuta tena Doris Schmitz, binti aliyemjua tangu Frankfurt. Walipishana kwenye ngazi za umeme za stasio ya treni ya chini ya ardhi, mmoja akipanda, mwingine akishuka. Walioana, na mwaka 1937 wakahamia Marekani, ambapo Drucker alitumikia kwanza kama mwandishi wa magazeti ya Uingereza.

Mwaka 1939 kikatoka kitabu chake *The End of Economic Man*, kilichoeleza namna Ujerumani na Italia zilivyoanguka katika mikono ya udikteta. Winston Churchill, ambaye wakati ule hakuwa bado waziri wa kwanza wa Uingereza, aliandika juu yake kwa sifa. Kutoka 1942 mpaka 1949 Drucker alifundisha katika chuo cha Bennington, siasa na falsafa. Gestion kama somo la peke yake ilikuwa bado haijasimama.

General Motors inafungua mlango

Mwishoni mwa mwaka 1943, kampuni ya magari General Motors, moja ya makampuni makubwa kabisa ya dunia, ilimuomba aje kuitazama kutoka ndani. Aliingia katika mikutano, alizunguka viwanda, aliongea na wakubwa na wafanyakazi. Kazi ilichukua karibu miaka miwili.

Kitabu *Concept of the Corporation* kilitoka 1946. Wasomaji wengi walikipenda. General Motors wenyewe hapana. Drucker alisifu namna walivyogawanya madaraka kati ya vitengo, lakini alisema pia kwamba kampuni ipime upya siasa zake za zamani na kwamba wafanyakazi wapewe madaraka zaidi juu ya kazi yao. Alfred Sloan, mkubwa wa kampuni, alifanya sawa vile kitabu hakikuandikwa. Miaka baadaye Sloan aliandika kitabu chake mwenyewe juu ya kampuni, bila kumtaja.

Kuko somo hapa kwa wale wanaofanya kazi ya « évaluation » ya miradi kwetu. Aliyekuita umuchunguze hatafurahi siku zote na yale utakayoona. Drucker hakubadilisha kitabu.

Mwalimu kwa zaidi ya miaka 50

Kuanzia 1950 mpaka 1971 alikuwa profesere wa gestion katika New York University. Mwaka 1971 akaenda Claremont, California, ambapo alisaidia kujenga masomo kwa ajili ya watu waliokuwa tayari kazini: wakubwa wa makampuni, wakubwa wa polisi, wasimamizi wa hospitali, wachungaji. Mwaka 1987 shule ile ya gestion ikapewa jina lake. Alifundisha darasa la mwisho mwaka 2002, akiwa na miaka 92. Verdi alikuwa amepitwa.

Alifundisha kwa hadithi. Angeanza na kampuni fulani, apitie kwa askofu wa zamani, afike kwa jeshi la Prusia, na wanafunzi wakidhani amepotea, arudi palepale alipoanzia na jibu mkononi. Lafuzi yake ya Kijerumani haikumtoka kamwe. Hakuwa na kundi la wasaidizi. Alichapa maandiko yake kwa mashine, na mtu aliyempigia simu alimpata yeye mwenyewe.

Wakubwa wa makampuni walikuja kumuona nyumbani kwake Claremont, nyumba ya kawaida. Hakuwapa majibu mengi, aliwapa maswali. Jack Welch, alipokuwa ameanza kuongoza General Electric mwanzoni mwa miaka ya 1980, alipata swali hili: kama haungekuwa tayari ndani ya biashara hii, leo ungeingia? Kama jibu ni hapana, utafanya nini sasa? Welch alisema swali lile lilimsaidia kuamua biashara gani aendelee nazo na gani aziache.

Swali lile linaweza kuulizwa na mama yeyote anayeuza sokoni. Tangu benki zilifungwa Goma mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, wachuuzi wengi wamelazimika kuchagua vitu gani waendelee kuuza na vitu gani waviache. Mwenye kujiuliza mapema anapoteza kidogo.

Mawazo manne ya kukumbuka

*Malengo na kujipima mwenyewe.* Katika kitabu *The Practice of Management* cha 1954, Drucker alisema kila msimamizi anapaswa kujua matokeo gani yanangojewa kutoka kwake, na aseme neno lake katika kuyapanga. Lakini jina kamili la wazo lake lilikuwa na sehemu mbili: malengo, na kujipima mwenyewe. Wengi walichukua sehemu ya kwanza na kuacha ya pili. Malengo yanapangwa juu, yanateremka chini, kisha mfanyakazi anahukumiwa nayo. Kwa Drucker, mfanyakazi mwenyewe anapaswa kuwa na habari zote za kumuonyesha kama anafaulu, mbele hata chef wake hajajua.

Tuchukue koperative ya kahawa. Kusema « mwaka huu tufanye vizuri » haiko lengo. Kusema « kila mkulima alipwe ndani ya siku saba kisha kuleta kahawa yake » ni lengo. Na kama msimamizi wa kituo cha kuosha kahawa anachunga daftari lake la malipo, anaona mwenyewe kila juma nani hajalipwa, bila kungojea mtu wa kutoka mjini.

*Mteja.* Alisema kazi ya biashara ni kumpata mteja na kumchunga. Faida ni lazima, kama vile pumzi ni lazima, lakini mtu haishi kwa ajili ya kupumua.

*Mfanyakazi wa maarifa.* Tangu mwisho wa miaka ya 1950 aliandika kwamba kutakuja watu wengi ambao chombo chao cha kazi ni kichwa chao: muganga, fundi wa kompyuta, mwalimu. Mtu kama yule haongozwi kwa fimbo, maana chombo anakwenda nacho nyumbani kila mangaribi.

*Maswali matano.* Haya aliyaandika kwa ajili ya mashirika yasiyotafuta faida. Kazi yetu ni nini? Mteja wetu ni nani? Yeye anathamini nini? Matokeo yetu ni gani? Mpango wetu ni gani? Kwa swali la pili aliongeza neno zito: kuko mteja wa kwanza, yule ambaye maisha yake inabadilishwa na kazi yetu, na kuko wateja wengine wanaotusaidia kuifanya, kama vile wenye kutoa feza. ONG nyingi za kwetu zinajua bailleur anataka nini mpaka kwenye koma ya ripoti. Je, zinajua vilevile mama wa kijiji anathamini nini? Radio za jamii nazo zinapaswa kujibu swali hili, na sisi tumo ndani.

Nje ya darasa

Kila miaka mitatu ao minne Drucker alichagua somo jipya ambalo halikumuhusu kwa kazi, akalisoma kwa bidii: hesabu za takwimu, historia ya zamani ya Ulaya, uchumi, sanaa ya Japani. Hakutafuta diploma. Alisema ilimlazimisha kufungua akili kwa njia mpya za kufikiri.

Kupenda kwake sanaa ya Japani kulianza kwa mvua. Mwaka 1934, London, alikimbia mvua akaingia katika nyumba moja, kumbe ndani kulikuwa maonyesho ya picha za Kijapani. Alitoka pale ametekwa. Miaka mingi baadaye yeye na Doris walianza kununua picha za wino, hasa za wachoraji wa zamani waliotumia mistari michache na kuacha nafasi nyingi nyeupe. Kusanyiko lao lilipewa jina la Sanso na lilionyeshwa katika makumbusho ya Marekani. Drucker hata alifundisha sanaa ya Japani katika chuo cha Pomona, karibu na nyumbani kwake. Japani nayo ilimpenda: alifika kule mara ya kwanza 1959, wakubwa wa makampuni wakasoma vitabu vyake, na mwaka 1966 serkali ya Japani ikampa nishani.

Aliandika pia riwaya mbili, mwaka 1982 na 1984. Hazikupata jina kubwa. Alipenda kupanda milima pamoja na jamaa yake. Doris alikuwa hodari kama yeye: alicheza tenisi, na akiwa tayari muzee alianzisha biashara yake ya kifaa kinachomuonya msemaji kama sauti yake haisikilike. Alifariki mwaka 2014 akiwa na miaka 103.

Sehemu kubwa ya ushauri wake Drucker aliitoa bila kulipwa, kwa makanisa, hospitali na mashirika ya vijana. Alisema mara nyingi kwamba shirika la wasichana maskauti la Marekani, chini ya Frances Hesselbein, liliongozwa vizuri kuliko makampuni mengi.

Alikosolewa nini?

Si wote walikubaliana naye. W. Edwards Deming, mtaalamu wa ubora wa bidhaa, alipinga kuongoza watu kwa malengo ya namba, akisema yanaleta woga na kufanya watu watafute namba kuliko kazi nzuri. Walimu wengine wa vyuo vikuu waliona kwamba Drucker anaandika kama mwandishi wa habari, bila takwimu za kutosha. Hakukana: alijiita mwandishi.

Hadithi za kitabu cha maisha yake pia zisichukuliwe zote kama ushahidi wa mahakama. Yale aliyoandika juu ya jamaa ya Karl Polanyi, kwa mfano, yalisahihishwa na watu waliowajua vizuri. Na kwenye intaneti kuko maneno mengi yanayopewa jina lake ambayo hakuna mtu ameyapata katika vitabu vyake. Mwanafunzi anayeandika TFC achunguze mbele ya kuyatia.

Naye aliwakosoa wakubwa wa makampuni waliomsifu. Tangu miaka ya 1980 alisema mshahara wa mkubwa usipite karibu mara 20 ule wa mfanyakazi wa kawaida, sababu kisha pale watu wanapoteza imani. Alichukizwa hasa na wakubwa waliojiongezea mishahara wakati wanafukuza wafanyakazi. Katika jambo lile hawakumusikiliza.

Kwa mwanafunzi wa kwetu

Wanafunzi wengi wa mashariki ya Kongo wamesoma katikati ya kuhama, kufungwa kwa masomo na kukosa minervali. Drucker hakusoma katika hali ile moja, lakini alisoma mangaribi kisha kazi, alipoteza kazi kwa kosa ambalo halikuwa lake, na alianza katika lugha ya kigeni. Kitu kimoja cha kuiga hakihitaji feza: daftari la mwalimu Elsa. Kila mara unapochukua uamuzi mkubwa, andika unangojea nini kitokee. Kisha miezi tisa ao mwaka, fungua usome, ulinganishe. Drucker alifanya hivyo miaka mingi, na alisema kila mara alishangaa.

Tarehe za kukumbuka

- 1909: anazaliwa Vienna
- 1927: anaenda kazi Hamburg
- 1931: doktora ya sheria, Frankfurt
- 1933: anakimbilia London
- 1937: anahamia Marekani
- 1946: kitabu juu ya General Motors
- 1950: profesere wa gestion, New York
- 1954: *The Practice of Management*
- 1971: anaanza kufundisha Claremont
- 2002: darasa la mwisho, mwaka uleule rais George W. Bush anamupa nishani ya uhuru, heshima kubwa ya raia wa Marekani
- 2005: anafariki, siku 8 mbele ya kutimiza miaka 96